Kuanzia Kesho, Maziwa Yote Ni ya Jioni

Ati mimi si mwanachama! Niliambiwa hivyo mlangoni pa ukumbi wa ushirika wetu wa maziwa huku Moiben, na mwenyekiti, majirani wakisikia. Siku hiyo walikuwa wanaamua kama tangi la kupoza maziwa, tulilonunua sisi wanakijiji wenyewe, lipewe tajiri mmoja wa Elgon View, kule Eldoret. Likienda, tungemwuzia yeye maziwa kwa bei anayotaka, au tuyamwage.

"Mama, hisa ni za mume wako," mwenyekiti akasema.

"Mume wangu alishakufa."

"Ndiyo hivyo. Mwanachama ni marehemu. Wewe tusaidie na maombi tu."

Ai! Ng'ombe nakamua mimi, mtungi nabeba mimi, kwenye matope nateleza mimi. Wanawake wenzangu nao walikuwa nje, waume zao wameketi ndani wakinywa soda ya tajiri. Wakapitisha tangi liende.

Huku kwetu maziwa ya asubuhi ni ya ushirika, ya jioni ni ya mama na watoto wake. Basi tukakubaliana palepale getini: kuanzia kesho, maziwa yote ni ya jioni.

Tulijaza vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, watoto wakanywa mpaka wakakataa. Wanaume walipojaribu kukamua, ng'ombe waliwanyima, maana mikono hiyo hawaijui. Lori la maziwa la tajiri likarudi Eldoret tupu. Haikupita wiki, mwenyekiti akaja kwangu, suruali ina alama ya kwato.

"Mama, maziwa yako wapi?"

"Muulize mwanachama. Kaburi lake unalijua, ulihutubia siku ya mazishi."

Hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mkutano ukaitwa upya. Sisi hupiga kura kwa kupanga foleni: wanaotaka tangi libaki upande huu, wanaotaka liende upande ule. Nilisimama wa kwanza, sikungoja kuitwa.

"Huyo atoke!" mwenyekiti akapaza sauti. "Si mwanachama!"

Sikutoka. Nikageuka nione nani yuko nyuma yangu. Alikuwa mke wake, bado amevaa gamboti za kukamulia.

"Basi nitoe na mimi," akamwambia, "halafu kesho ukamue mwenyewe."

Tangi halikuenda popote.