Nani Aliyeonywa

Kwa miaka kumi na minne Madam Paskalia Lukali alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya binafsi huko Kihonda, na katika miaka yote hiyo mkuu wa shule, Mwalimu Rogers, hakutuma barua ya Kiingereza bila kumpitishia yeye kwanza.

"Madam, hebu nipigie pasi," alikuwa akisema, huku akimwekea karatasi mezani.

Paskalia alikuwa akichukua kalamu nyekundu na kuipiga pasi mpaka inyooke. Alikipenda Kiingereza kama fundi seremala anavyopenda mbao. Zaidi ya yote alipenda kufundisha vile vishazi vinavyotangulia sentensi na kubeba sababu yake. Aliandika ubaoni: *Being tired, Thobias slept.*

"Kwa kuwa alichoka, Thobias alilala," aliwaambia wanafunzi. "Ukiitanguliza sababu, unaipa uzito. Msomaji anajua kwa nini kabla hajajua nini. Ila muwe macho. Kishazi hiki hakina mwenyewe. Kinamshika mtu wa kwanza kinayemkuta ng'ambo ya koma."

Masika ya mwaka juzi, kidato cha pili walipangiwa ziara ya jiografia kwenye milima ya Uluguru, wakaone matuta ya mboga na vyanzo vya maji. Mwalimu wa jiografia aliugua malaria, Mwalimu Rogers akamwomba Paskalia awapeleke yeye. Asubuhi mjini jua liliwaka kama kawaida. Walipanda na wanafunzi thelathini na wawili, wakavuka kijito kimoja maji yakiwa chini ya vifundo vya miguu, watoto wakarushiana maji na kucheka.

Saa nane mchana, wakiteremka, kijito kile kilikuwa chekundu na kimefika magotini. Nyuma yao mlima ulikuwa umemezwa na wingu. Paskalia akapiga moyo konde: tukisubiri, yatapanda zaidi. Akasimama katikati ya maji, akawapokeza mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Walivuka thelathini na mmoja. Wa mwisho alikuwa Chausiku, binti mwembamba aliyekuwa akikaa dawati la mbele. Maji yakaja kwa mkupuo. Paskalia alimshika mkono wa sweta, sweta likavutika, likavutika, halafu mkononi hapakuwa na kitu.

Walimpata kesho yake, chini kwenye bustani za kabichi.

Msibani alikuja Mzee Athumani Mkude, mkulima wa huko mlimani ambaye ndiye angewapokea siku ile, lakini hawakumkuta. Paskalia alimwamkia shikamoo. Mzee aliitikia, akamvuta kando.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilimpigia simu mkuu wenu alfajiri. Nikamwambia huku juu mvua imekesha, watoto wasije. Akanijibu, sawa mzee. Basi nami nikaenda zangu shamba la ng'ambo, nikijua ziara imevunjika."

Mwalimu Rogers alikuwa amesimama getini asubuhi ile akiwapungia mkono.

Wiki iliyofuata mkuu aliweka karatasi mezani kwake. Ilikuwa ripoti ya ajali, iende kwenye kamati ya uchunguzi mjini. Safari hii hakutania habari ya pasi. Paskalia alisoma mpaka akafika kwenye sentensi hii: *Having been warned of heavy rain, the students were led across the stream by Madam Paskalia.*

Akaisoma tena. Baada ya kuonywa kuhusu mvua kubwa, wanafunzi walivushwa. Kwa hiyo walioonywa ni wanafunzi. Chausiku naye yumo.

Akainuka, akaenda ofisini kwa mkuu.

"Mkuu, hapa umeandika kwamba watoto ndio walioonywa."

"Wapi?"

"Hapa. Mtu wa kwanza baada ya koma ni wanafunzi. Unamtwika marehemu onyo ambalo hakulisikia. Aliyeonywa ni wewe. Mzee Mkude ameniambia."

Mwalimu Rogers aliitazama karatasi. "Madam, nimekuomba Kiingereza. Sikukuomba habari." Kisha akaichukua taratibu. "Lakini ahsante. Nimeliona kosa."

Ripoti iliyofika kwenye kamati ilisomeka hivi: *Having been warned of heavy rain, Madam Paskalia led the students across the stream.* Sasa aliyeonywa ni Paskalia, na kwa Kiingereza haikuwa na kosa hata moja. Paskalia mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mkuu pa kurekebisha.

Mbele ya kamati alijitetea. "Waheshimiwa, ripoti inasema nimeonywa. Nani alinionya? Sentensi haimtaji. Imejengwa hivyo makusudi, isimtaje."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mwalimu, hapa si darasani. Ulivuka au hukuvuka?"

"Nilivuka."

"Na mtoto akafa mkononi mwako?"



Waliitwa mashahidi. Mzee Mkude aliingia akiwa na kofia mkononi. Mjukuu wake alikuwa kidato cha tatu shuleni pale, akisoma bila ada kwa hisani ya mkuu. Alisema simu yake ni ya zamani, na umri umekwenda, hakumbuki vizuri siku ile alimpigia nani. Alipotoka alipita karibu na Paskalia akitazama sakafu.

Barua ya kufukuzwa kazi ilifika mwezi wa nane. Aliikatia rufaa kwa kurasa sita, akiichambua ile sentensi neno kwa neno. Majibu yalikuwa ya mistari miwili: uamuzi unabaki kama ulivyo.

Siku moja alikwenda kwa mama yake Chausiku. Mama alimpa kigoda na maji ya kunywa, akamwacha aseme yote: simu ya alfajiri, koma, kishazi, jina lililohamishwa.

"Mwalimu," mama alisema alipomaliza, "mimi Kiingereza sijui. Walinisomea wakaniambia ulionywa, ukamvusha hivyo hivyo. Leo unaniambia hukuonywa. Lakini mto uliuona kwa macho yako?"

"Niliuona."

"Basi." Akakipokea kikombe. "Nenda salama. Usirudi tena hapa, nakuomba."

Siku hizi Paskalia yuko Dumila, anauza vitunguu barabarani pamoja na dada yake Editha. Basi la Dodoma likisimama, huwakimbilia abiria na ndoo kichwani. Alijaribu shule mbili za huko. Zote mbili zilimwomba barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri wake wa zamani.