Godoro la Tembo

“Daktari kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu.”

“Ulimwambia unashona godoro la tembo, Mama. Tena tembo mwenyewe anakuja kulichukua kesho.”

“Keshokutwa,” Bi Sindano alisahihisha, akikata uzi kwa meno.

Fundi magodoro huyu ulimi wake ulikuwa haukai ndani. Ukimuuliza njia ya sokoni, atakupitisha mwezini. Lile godoro lililojaza karakana ukuta kwa ukuta lilikuwa la shule ya mieleka, lakini jibu kavu namna hiyo ampe daktari mwenye uso wa ndimu? Basi daktari akaandika kwamba akili zimemruka, na masihara yakasafiri hadi mahakamani. Binti yake, kifungua mimba, kaomba awekwe kuwa msimamizi wake: aamue yeye mama alale wapi, atibiwe na nani, karakana ibaki au iuzwe.

“Ukishakuwa msimamizi, hata chafya nitakuomba ruhusa?”

“Uliacha pasi ya moto juu ya pamba, Mama. Ningechelewa kidogo ningekukuta majivu.”

Bi Sindano aligeuka. Ukuta nyuma yake ulikuwa bado mweusi.

“Hilo kweli,” alisema. “Na nitalisema mwenyewe mbele ya hakimu.”

“Huna haja ya kwenda. Nitamwambia unaumwa.”

“Wito tarishi alinikabidhi mimi mkononi, mwanangu, hakukupa wewe. Akaniambia nina haki ya kufika, ya kusema, ya kuweka wakili, hata ya kukataa. Na leo ofisa wa mahakama anakuja kuniona kwa macho yake.”

“Basi akija, nyamaza, nijibu mimi. Ukianza tembo wako atakuandika kichaa. Mimi nataka kukulinda, sitaki mama yangu aitwe kichaa.”

“Nikinyamaza ataniandika gogo. Na gogo, mwanangu, halina la kukataa. Hubebwa tu likawekwa popote.”

Binti alitaka kujibu, lakini mlango ulisukumwa. Mwanamke mwenye faili kwapani akaingia hatua moja, akakwama, maana godoro lilikuwa limeziba njia yote. Akalitazama kutoka pembe hii hadi ile.

“Kubwa hili. La nani?”

Binti akafungua kinywa. Ofisa akainua kiganja.

“Namuuliza mama.”

Bi Sindano akafungua kinywa chake. Tembo alikuwa keshakaa juu ya ulimi, mkonga unachungulia nje.