Mayai ya Kanisa

Mimi ndiye niliyesema kanisa la mapadre kule mlimani limejengwa kwa mayai. Kwa hiyo, mwanangu, Jumapili iliyopita ulipowaeleza wageni kutoka Handeni kwamba Wadachi, hao Wajerumani wa zamani, walikoroga chokaa na mayai ndiyo maana ukuta haupasuki, ulikuwa unanirudishia uongo wangu mwenyewe. Tena umeuongezea maziwa. Maziwa mimi sikusema.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Kuta za kanisa zilikuwa zimefika kiunoni. Nilikuwa kijana niliyetoka shule ya Wadachi Tanga, nimerudi kwetu Korogwe na kuamua kwamba safari zimenitosha. Wenzangu walishinda makazini, mimi nashinda barazani kwa mama mpaka mkeka ukashika umbo langu. Mlima nauona kutoka hapo nilipolala. Kuupanda sikuupanda. Basi watu wakaniuliza, wewe msomi, mawe yale yanashikana kwa kitu gani? Ningesema sijui. Neno moja tu hilo, likanishinda. Nikajibu, "Mayai. Ndivyo wanavyojenga kwao Ulaya." Wakatikisa vichwa, nami nikajiona mtu.

Haikupita wiki, maneno yakamfikia jumbe wetu, naye akatoa amri kila nyumba ichange mayai ya kanisa. Nani amuulize, na askari wamesimama nyuma yake? Jirani yetu Bi Zaituni, mjane, alikuwa na kuku wawili wanaoatamia. Vifaranga watakaoanguliwa ndio aliotegemea kuwakuza na kuwauza apate kuilipa serikali kodi ya nyumba, maana asiyelipa alipelekwa kulima barabara, awe mwanamke, awe mgonjwa. Wakawainua kuku wake wakazoa mayai yote, hata yaliyokwisha kuwa na uhai ndani.

Mama hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mkeka wangu akasema, "Inuka wewe. Nenda kawaulize hao mapadre kama wanakaanga ukuta."

Nikapanda, napumzika kila penye kivuli. Juu niliwakuta wanawake wa Kizigua na wa Kishambaa, wa msikitini na wa kanisani, wamejitwika mchanga kutoka mto Pangani. Mafundi walikuwa wanakoroga chokaa iliyoletwa na gari moshi kutoka Tanga. Chokaa, mchanga, maji, basi. Hata ganda la yai sikuliona. Padre mzee, mikono imebabuka kwa chokaa, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mayai mimi natafuta ya kula sipati," akasema, akachukua kofia yake tukashuka wote.

Tulimkuta jumbe barazani kwake.

"Jumbe, mayai ya kanisa yako wapi?"

"Yamevunjika njiani, padre."

"Njia gani? Mbona sijaona mtu akipanda?"

Jumbe akaanza kukohoa. Ndani, mkewe alikuwa anakaanga, na harufu tuliisikia sote.

Amri ilifutwa siku ile ile. Lakini mayai ya Bi Zaituni yalikuwa yamepoa, na yai la namna hiyo hata ukimrudishia kuku haliwi kifaranga tena. Padre akanigeukia mimi. "Na wewe, kesho njoo na kikapu." Nikabeba mchanga mpaka kuta zikapita madirisha, na ujira wangu wote ukaishia kwenye kodi ya Bi Zaituni. Shingo yangu haijanyooka mpaka leo, ndiyo maana nikikuita nageuka na kiwiliwili chote.

Sasa nakuomba, na kukuomba kumenichosha. Kanisa liko pale, unaliona ukinywa chai. Panda. Shika ukuta kwa mkono wako. Uliza ni mama gani na gani walibeba mchanga ule, wajukuu zao wapo Bungu na wapo hapa hapa Old Korogwe, wanakuazima majembe. Mgeni akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, hutakufa. Ukisema mayai, umewafuta wale mama kwenye kazi yao. Na hujui maneno yako yatamfikia nani. Kuna mtu mwenye nguvu hukaa akisubiri uongo kama huo, apate sababu ya kuingia kwenye banda la mjane.

Haya, Mungu akupe umri mrefu, akuepushe na aibu niliyoionja, na wote watakaokusikiliza wakute kweli kinywani mwako.

Usidhani nilishukuriwa. Siku niliyompelekea Bi Zaituni ujira wa mwisho, aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga, akanitazama toka chini mpaka juu, akasema: "Kumbe miguu unayo. Ungepanda kwanza ndipo useme, saa hizi ningekuwa na vifaranga."