Funza wa Tabita Walioshiba Dawa

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na anayetaka kubisha aende Nanyala akamuulize Tabita mwenyewe. Anayekiandika ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Elimu yake haikufika mbali, lakini ya kutosha kumtania shemeji anayo.

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zinashika mtandao ukipanda kichuguu tu. Mkwe wa Tabita, Rozi, alikuwa mjamzito, na Tabita, kwa mdomo wake, alitangaza nje ya kanisa kwamba mkwewe akijifungua hatakunywa mchuzi wa kuku wa kununua Tunduma. Atakunywa wa kuku aliyekulia uani. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele havirudishwi.

Vifaranga walikuwepo. Chakula chao Tabita alikipika kwenye chungu: mavi ya ng'ombe, pumba na maji kidogo. Kila mara aliacha chungu wazi nzi watage, na baada ya siku chache funza walijaa humo, wanene, vifaranga wakawagombea. Ndivyo alivyofundishwa na jirani yake Leah.

Safari hii funza walitoka wembamba kama uzi wa kushonea, na hawakunenepa. Vifaranga waliwadonoa kwa adabu tu, kisha wakasimama wamejikunyata. Tumbo la Rozi likazidi kukua, kuku wakabaki vilevile. Tabita hakulala vizuri. Mwishowe akamwambia Leah kwamba kuna watu wana macho mabaya. Leah akachukua ndoo yake akaondoka.

Alipopita Jenista, mtaalamu wa mifugo wa kata, alichungulia chungu, akanusa, akauliza humo ndani mnatiwa nini. Tabita alitaja kwanza macho ya watu, kisha akajibu kwa fahari. Vifaranga walipoharisha alipewa dukani dawa, unga wa njano wa kukoroga kwenye maji. Maji yaliyobaki asingeyamwaga, dawa ni dawa. Aliyamimina kwenye chungu kila asubuhi ili funza nao wakue na afya.

Jenista hakucheka. Alieleza kwamba tumboni mwa funza, na kwenye yale mavi, wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na funza huwahitaji ili akue. Wengine humlainishia chakula, wengine ndio chakula chenyewe. Dawa ile imewaua. Funza amebaki kama mtu ambaye dari yake imejaa mahindi na mashine ya kusaga imekufa.

Tabita akachungulia chungu. "Kwa hiyo mwanangu, nimewatibu mpaka wakadumaa?"

"Ndiyo, mama. Macho ya mtu hayahusiki."

Hapo ndipo pagumu. Kuosha chungu kulikuwa kazi ndogo, na mavi ya ng'ombe asiyechomwa sindano ya dawa kama ile yalipatikana. Lakini Jenista alisema vijidudu watarudi upesi akichanganya mavi ya kujaza kata moja ya kuchotea maji, kutoka chungu chenye funza wazima, kama mtu anavyotia chachu kwenye togwa. Chungu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu mtaani, nacho cha Leah.

Akaenda na kata mkononi. Leah alikuwa anaanika kahawa, hakuinua kichwa.

"Dada, nimekuja kuomba mavi," Tabita akasema. "Na yale maneno yangu, nimekuja kuyachukua."

Leah akaendelea kutandaza kahawa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa chini. Alimpa kata mbili.

Funza wakanenepa. Vifaranga wakaota manyoya, wakapanda mpaka juu ya banda. Rozi alipojifungua, mchuzi ulitoka uani kama ulivyotangazwa, na jogoo aliyechinjwa alikuwa jitu, alishikwa na wanaume watatu, mmoja wao utingo wa lori la Zambia, na aliposhtuka akamburuta huyo utingo hadi barabara kuu, magari yakasimama, na polisi wa—

"Shemeji," anasema Tabita, anayesoma haya akiwa amesimama nyuma ya kiti cha anayeandika. "Alikuwa tetea. Na ulimshika wewe, kwa mkono mmoja, mwingine una kikombe cha chai."