Kumi ya Fundi Redio

Fundi redio jirani yangu hujifunga macho kwa kitambaa cha kufutia spika, kisha huweka magotini vidole vyake vyenye makovu ya kuchomelea, vikatulia kama vya mtu anayepigwa picha. Kazi yangu ni kumpigia wimbo uleule mara kumi, nikichanganya nipendavyo, naye akisie ni ipi: mara diski ya sidii, mara faili la kidijitali la kiwango cha juu, ambalo wateja wanaapa kwamba tofauti yake na sidii ni mbingu na ardhi. "Faili," husema polepole. "Sidii. Hapana, ngoja... sidii." Kila Jumapili hupatia tano au sita, nami naandika kwa chaki mlangoni. Juzi alipatia zote kumi. Nikapiga kelele, nikaandika kumi kubwa ya kuonekana barabarani. Akavua kitambaa taratibu. "Jirani, ukiweka faili unabana pumzi. Nilikuwa nakusikiliza wewe." Akahamishia mitambo chumba cha pili, nyaya za spika zikipita chini ya mlango, akanifungia huko. Tukarudia. Tano. Akaifuta ile kumi kwa kiganja, akaandika tano mwenyewe, akajifunga tena kitambaa. "Haya, rudi ndani. Tena."