Mama Si Mchawi

Mama alikutwa alfajiri ndani ya zizi la jirani, ameshika kamba ya ndama, anamwita marehemu baba aje wakamue. Aliamini ni zizi letu, ingawa ng'ombe wetu tulishauza zamani. Wiki hiyohiyo yule ndama akafa. Pale kijijini kwetu, nje kidogo ya Lagangabilili, watu wakapata la kusema.

Shangazi alinipigia simu dukani kwangu Somanda. "Njoo umchukue mama yako. Mpeleke Kalemela kwa mjomba wako, watu wasije wakamdhuru."

Nilikwenda, lakini si kumficha. Nilimpeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimuuliza huu ni mwezi gani, na ana watoto wangapi. Mama alinitazama nimsaidie. Baada ya vipimo daktari akaniambia, "Mwilini kuna protini, na kila moja hujikunja kwa umbo lake ndipo ifanye kazi. Kwa mama, tunavyoona, zimejikunja vibaya. Zinashikamana, zinaganda mabonge kwenye ubongo, na seli zinakufa."

"Atapona?"

"Kupona, hapana. Kutunzwa, ndiyo."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilimshika mama mkono tukasimama mbele yao.

"Huyu ndiye aliyewazalisha wake zenu," nikasema. "Leo hakumbuki mtu kwa sababu ubongo wake unaumwa. Anayemwita mchawi aseme hapa hapa, twende wote polisi."

Mwenye ndama akasogea. "Na ndama wangu je?"

"Muulize bwana mifugo kilichomuua. Mama yangu usimguse."

Shangazi, ambaye alitaka tukimbie, alitoka kwenye kundi la akina mama akaja kusimama upande wetu.

Nilifunga duka, nikahamia kwa mama. Sasa ananiita mayu, anadhani mimi ndiye mama yake, nami naitika. Kila asubuhi namvalisha vizuri tunapita katikati ya kijiji, njia kuu, si vichochoroni. "Mwangaluka!" anamsalimia kila mtu. Wapo wanaogeuza uso. Hao mama huwasalimia tena, kwa sauti kubwa zaidi, nami nasimama naye hapohapo mpaka waitikie.