Mshale mrefu wa jengo letu

Jamani, nimejitia aibu mbele ya kanisa zima.

Hapa Doornfontein, mwenye jengo ametundika cheti mlangoni. Kinaonyesha jengo linavyotumia umeme, kwa mishale ya rangi: mifupi juu, mirefu chini.

Wetu ni wa chini kabisa. Mwekundu. Mrefu kuliko yote!

Asubuhi nikajipiga picha nao, nikatuma kwenye grupu la kanisa: "Mungu ametuinua, jengo letu limeshinda!"

Mchana akaja shemeji Bosco, mdogo wa mume wangu, kutoka Rosettenville. Nikamwonea huruma. Kwao ni kamshale ka kijani, kafupi kama kidole gumba.

Akaketi. Koti hakuvua. Akatazama hita zangu mbili, na taulo nililozibia dirisha.

"Shemeji," akasema polepole, "mshale mrefu ni jengo linalokula umeme na watu bado wanatetemeka. Ninyi ndio wa mwisho."

Eish! Nikarukia simu nifute picha.

Wapi! Kila mtu ameshaandika Amina.

Na pasta kaandika: "Bwana auongeze mshale huo, uwafikie hata majirani!"

Sasa nishaurini: baraka ya pasta inarudishwaje?